Mlenda wa Salome

Ninyi wajukuu na vitukuu mtakaoyasoma haya, simu wekeni chini kwanza. Sitawaeleza ukoo wetu ulitoka wapi, wala babu yenu Yohana alinioa kwa ng'ombe wangapi. Hayo waulizeni wengine, na kila mmoja atawadanganya kwa namna yake. Nitawaeleza mwaka mmoja tu, ule tuliohamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara kubwa, huku upande wa Ihanja, nikiwa mke mpya ambaye hata jiko la mama mkwe sijalizoea. Ninaandika kwa mkono wangu, kwa herufi nilizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkikuta mstari umepinda, someni hivyo hivyo ulivyopinda.

Sababu ya kuandika ni Rehema. Wote mnajua kwamba Rehema aliwekewa figo ya kaka yake Petro kule Dodoma, na aliporudi tulichinja mbuzi, tukaimba, kila mtu akadhani mambo yamekwisha. Hata mimi nilidhani. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba figo ya mwenzako ni mgeni aliyekaribishwa kwenye nyumba yenye mbwa, na vile vidonge anavyomeza asubuhi na jioni ndiyo kamba ya mbwa. Kamba ikilegea kidogo tu, mgeni ataumwa. Basi tangu arudi amekuwa wa kukimbizwa mapokezi ya dharura: leo homa, mwezi ujao mkojo unachoma, mwezi mwingine anaharisha hadi midomo inakauka. Na kila akirudi nyumbani na ule mkanda wa hospitali mkononi, hakosekani mtu wa kusema, "Tena?" Aliyesema safari ya mwisho ni mwanangu Stefano, baba yake mzazi, na alisema akiwa anacheka. Rehema hakucheka. Wiki zilizofuata nilimkuta chumbani mchana wa jua kali amejifunika khanga mbili, meno yanagongana. Alikuwa ametapika vidonge vya asubuhi, na vya jana yake pia, na hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Bibi, nimeona aibu kuwaita tena."

Tulimpeleka, walimlaza, wakamwekea maji ya mshipani, amerudi na figo ipo. Lakini lile neno lake lilinikaa kifuani kama mfupa wa kuku, kwa sababu nilikwisha kulisikia zamani, katika nyumba nyingine, kutoka kinywa kingine. Na kama kwamba Mungu alitaka niseme, siku chache baadaye alishuka kwenye basi la kutoka Itigi mama mmoja mwenye fimbo na kapu, akasimama mlangoni akaniita "wifi" kwa sauti ile ile ya ujana. Alikuwa Salome, dada yake babu yenu. Mlipomwona mlimwamkia shikamoo mkarudi kwenye simu zenu. Hamkujua kwamba mama huyo alibebwa machela zaidi ya maiti yoyote ya kijiji chetu.

Mwaka ule wa kuhama, tulibomoa tembe yetu wenyewe. Tulichukua miti ya dari, mlango, mawe ya kusagia na kuku, tukaacha kuta na makaburi ya wazee. Kule tulikotoka, ambako baada ya kuhama tulipaita mahame, nyumba na nyumba ziliachana kiasi kwamba ukitaka kumsalimu jirani unapaza sauti. Hapa tulipangwa mstari kama vijiti vya kiberiti, kuta za fito na udongo mbichi, paa la nyasi, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Asubuhi kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa, kikigongwa watu wote tunatoka na majembe kwenda shamba la kijiji. Wengine walinung'unika. Mimi nilikuwa msichana, nilipenda. Kisimani kulikuwa na maneno, na mume wangu alikuwa Itigi kwenye kibarua cha reli, kwa hiyo chumba chetu nililala na Salome. Tulikuwa rika moja. Kitanda kilikuwa cha kamba, ukigeuka mmoja mnageuka wote. Ukutani alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti wenye picha ya mwanamke mwenye kofia, na kila siku alinieleza habari mpya ya yule mwanamke, leo ameolewa, kesho ameachika, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyejua kusoma maandishi ya chini yake.

Salome alianza kuvimba baada ya mvua za kwanza. Asubuhi moja aliamka macho yamebaki mistari miwili. Tukadhani nyuki. Siku iliyofuata miguu ilijaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, mkojo ukawa mchache na wenye povu kama togwa iliyochachuka. Mama mkwe alimkanda kwa maji ya moto, akamchemshia mizizi, akamwombea rozari nzima. Tumbo nalo lilipoanza kupanda, ndipo Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamisi, alipokuja akasimama mlangoni. Alikuwa mtu wa mzaha lakini siku hiyo hakutania. Alisema kijiji ni cha nini kama mtoto anavimba ndani na wanaume wamekaa. Akagonga kile kipande cha reli jua likiwa juu, saa isiyo ya shamba, watu wakaja mbio wakidhani moto. Kitanda chetu cha kamba kikafungwa kwenye miti miwili, wanaume wakapokezana mabega hadi hospitali ya misheni. Wale waliokuwa wakilalamika kuhamishwa, siku hiyo waliona faida yake. Kule mahame angebebwa na nani? Baba mkwe mwenye goti bovu na mimi?

Walimkuta mganga mkuu wa wodi ni mtawa mmoja mzungu, Sista Klara, mama mnene wa makamo aliyejua Kiswahili cha vitabuni na Kinyaturu cha mnadani. Mama mkwe ndiye aliyebaki hospitali. Aliporudi na Salome, mtoto alikuwa mwembamba, shingo imeonekana, macho makubwa, anacheka. Sista alikuwa amesema ugonjwa ni wa figo, zinavujisha kilichotakiwa kubaki na kubakisha kilichotakiwa kutoka, na kwamba watampa dawa, lakini nyumbani asionje chumvi. Hata chembe.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa amri, na mimi nimejifunza kwake, msishangae. Chumvi yote ya nyumba aliifunga kwenye kitambaa, akaichomeka juu kabisa kwenye nyasi za paa, akasema atakayeigusa atamvunja mkono. Akafinyanga kwa mikono yake chungu kidogo cha Salome peke yake, ili mwiko wa chungu kikubwa usiingie humo kamwe. Ugali wa uwele wa Salome ulisongwa kwanza, kabla ya wetu. Mlenda wake ulipikwa kwanza. Na kwa kuwa alimhurumia mwanawe kula chakula kisicho na ladha, alisema mlenda wa Salome uwe mlaini kuliko wa mtu yeyote, uteremke wenyewe. Mnajua mlenda unalainishwa na nini. Kina mama wa ziwani walikuwa wanaleta magadi mnadani, vipande vya rangi ya majivu, unaloweka, unachuja, unamimina maji yake kwenye chungu, na majani yanalegea kama yamesikia jina lao. Hayo magadi yalikaa kwenye kibuyu karibu na mafiga, na hakuna aliyefikiria kuyachomeka darini. Kwetu chumvi ni ile nyeupe ya dukani, ya kuonja. Magadi ni ya kulainishia mboga na ya kulambisha ng'ombe. Hata ungekuja na askari ukauliza nyumba nzima kama Salome anakula chumvi, tungeapa wote kwamba hali, na tungekuwa tunasema kweli yetu.

Mwezi haukuisha, macho yakawa mistari tena. Reli ikagongwa, machela ikafungwa. Akarudi mwembamba. Kabla mtama haujachanua akawa amejaa. Safari ile ya pili Sista alikuwa amemuuliza mama mkwe kwa ukali kidogo kama kweli hawampi chumvi, na mama mkwe aliona ametukanwa, akarudi hasemi na mtu. Kule hospitali walikula uji na maharage ya masista, ndiyo maana kila alipolazwa alipona, na kila aliporudi kwenye upendo wa mama yake alivimba. Leo ninaiona wazi kama nzi kwenye maziwa. Wakati ule tuliona tu kwamba hospitali inatoa maji na nyumbani yanarudi. Basi watu nao wakaanza kutafuta kilichoko nyumbani. Nilisikia kisimani, nikiwa nimeinama kuchota, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba wazee tuliowaacha kwenye makaburi wamekasirika, wanamdai msichana wao. Mwenzake akasema hapana, ni kijicho, huyo binti alikuwa na shingo nzuri mno. Wa tatu akasema shingo au si shingo, nani atamwoa binti wa machela, utalipa ng'ombe kisha ulipe na wabebaji? Wakacheka. Nilijitwika mtungi wangu nikawasalimu kwa adabu, maana nilikuwa mke mpya, lakini maji nusu yalimwagika njiani.

Na wabebaji nao walichoka. Siwalaumu. Njia ilikuwa ya mawe, jua la kwetu mnalijua, na kazi za shamba hazikungoja. Safari ya kwanza walikuja kwa kukimbia. Safari ya tatu Mzee Hamisi aligonga reli hadi mkono ukamuuma, na waliofika walifika wakivuta miguu, na kila aliyechungulia ndani alisema neno moja, "Tena?" Alisema jirani wa kushoto. Alisema baba mkwe mwenyewe, akiwa ameketi anachonga mpini. Mmoja tu ndiye sikumsikia akilisema, kijana aliyeitwa Elia, mtu wa maneno machache, mwenye bega lililotoka sugu kwa kubeba mizinga ya nyuki. Huyo kila safari alishika upande wa kichwani, ambako ndiko kuzito, na alikuwa akiuliza swali lile lile kabla hajanyanyua: "Salome, umejishika?"

Shida ilikuwa mchana, kabla ya kuondoka safari ile ya tatu. Mama mkwe alikuwa anachambua mlenda mkavu kwenye ungo, mimi ninachochea moto, Salome amelala kwenye mkeka nyuma ya pazia la gunia. Mama mkwe alisema bila kuinua macho, ili wote tusikie.

"Hii ndiyo ya mwisho. Nimewapa mtoto wanamkausha, kisha anajaa. Akirudi akavimba mara nyingine, hakanyagi hospitali. Nitampeleka mahame, alale penye kaburi la babu yake, niwaite wenye kujua. Na asiwepo wa kunibishia."

Baba mkwe alikohoa, hakubisha. Nilipoingia kumfunga nguo, Salome alinishika mkono kwa vidole vyake vilivyokuwa vimejaa kama ndizi. Alikuwa mtu wa masihara hata katika hali ile. Aliniambia akifa nisiruhusu wampake mafuta usoni, maana uso wenyewe umekwisha kunenepa. Kisha masihara yakamwisha. "Wifi, sitaki kwenda mahame. Kule nikiita, nani atasikia? Nimeona aibu kuwaita watu hawa tena, lakini afadhali aibu."

Safari hiyo mama mkwe hakwenda, alikuwa bado na hasira na Sista. Nilitumwa mimi. Na kwa kuwa Salome alikuwa amekinai maharage ya hospitali, mama yake alinifungia furushi: unga wa mlenda mkavu, unga wa uwele, kile chungu kidogo, na pembeni, kwenye kitambaa, magadi. Alinisisitizia nisithubutu kuomba chumvi kwa mtu yeyote huko jikoni, watu wa huko hawaaminiki. Nikaapa.

Jiko la ndugu wa wagonjwa lilikuwa banda lisilo na kuta, mafiga mengi, moshi mmoja. Nilipata figa karibu na mama mmoja Mnyiramba wa upande wa Sekenke, mume wake amevunjika mguu kwenye shimo la dhahabu. Alikuwa na mdomo. Aliponiona natoa mlenda alisema ninyi Wanyaturu hata malaika akija kuwachukua mtamwambia angoje mlenda uive. Nikamjibu kwamba Wanyiramba wanausema mlenda wakiwa wameshiba, wakiwa na njaa wanaulamba hadi kwenye mwiko. Akapenda jibu, akanisogezea kuni. Nikaloweka magadi yangu, nikachuja, nikaanza kumimina, na mvua ikashuka ghafla. Sista Klara alikuwa anapita kutoka wodini, akakimbilia bandani kwetu, akasimama nyuma yangu anapangusa miwani. Nilimsikia ananusa.

"Unaweka nini, binti?"

"Magadi, Sista."

"Unamwekea mgonjwa?"

"Hapana, Sista. Nauwekea mlenda."

Alivaa miwani, akainama, akachovya kidole kwenye maji ya magadi akaonja, akatema nje kwenye mvua. Akaniuliza kama nyumbani pia tunaweka. Nikamwambia kila siku ya Mungu, mlenda bila magadi ni majani ya mbuzi. Akauliza kama Salome anakula mlenda huo kila siku. Nikamwambia kwa fahari kwamba wa Salome tunauzidishia magadi, ili ateremshe vizuri, kwa kuwa chumvi haruhusiwi. Yule mama mnene akavuta kigoda akaketi kati yetu wapishi, kitambaa chake cheupe kichwani kikiingia masizi.

"Binti yangu, hii ni chumvi."

"Chumvi mama ameificha darini, Sista. Hata mimi sijui kona gani."

Alicheka. Alicheka hadi akashika nguzo, na mimi nikaona ananidharau, nikanuna. Kisha nikaona anafuta macho na kwamba si kicheko tena. Alisema hata yeye amekuwa akijiuliza miezi yote na amemwuliza mama swali moja tu, chumvi, chumvi, wala hakuuliza kitu kingine. Akanieleza polepole kwamba chumvi ina ndugu, na huyu ni ndugu yake wa tumbo moja, mwili haujali ametoka dukani au ziwani, figo mbovu zinamshika na yeye na maji yake. Mama wa Sekenke akatikisa kichwa akasema, "Kumbe mnamwua kwa mapenzi." Nikashika mwiko nimpige, lakini alikuwa amesema kweli. Sikulia. Tulichokuwa hatujaambiwa hatukukijua, na sasa tumeambiwa. Nilimwaga ule mlenda kwenye mvua, nikaosha chungu kwa majivu.

Kabla ya kuondoka Sista aliniita barazani. Alisema hili tuliloligundua litasaidia sana lakini nisimwahidi mama kwamba Salome hatavimba kamwe. Atavimba siku nyingine, hata kwa mafua tu. "Akivimba mleteni. Msingoje macho yafumbe. Mkija mara kumi kwa ugonjwa mdogo nitafurahi, kuliko mje mara moja kwa mkubwa. Kurudi hapa si kushindwa, mwambie mama." Maneno hayo niliyarudia njia nzima nyuma ya machela ili yasinipotee, kwa kuwa kuandika nilikuwa sijui.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe akiwa amesimama. Mke mpya kumwambia mama mkwe kwamba chakula chake ndicho kinachomvimbisha mwanawe, hilo jaribuni ninyi mwone. Nilianza na shikamoo, nikamaliza nikiwa nimepiga magoti. Akachukua kile kibuyu cha magadi pale mafigani, akatoka nacho hadi zizini, nikamfuata nikidhani atakivunja. Alimwaga magadi yote mbele ya ng'ombe wetu mwekundu, akasimama anamtazama anavyolamba. "Haya," alimwambia ng'ombe, "sasa vimba wewe." Kisha bega lake likatikisika, nami nikageuka nikatazama upande mwingine, kama inavyotakiwa.

Jioni ile alikivunja kile chungu kidogo. Alisema amekosea kumtenga mtoto na chungu chake kama mwenye ukoma. Kuanzia siku hiyo chungu kitakuwa kimoja, bila chumvi na bila magadi, kwa nyumba nzima, na asiyeweza akale kwa jirani. Baba mkwe alikuwa wa kwanza kutoweza. Kila jioni alikuwa na shauri la kwenda kuzungumza kwa Balozi, na alirudi ndevu zinateleza. Mama mkwe alimtazama tu, akamwekea sahani yake ya mlenda wetu ule mgumu, naye akaula huo wa pili kwa sababu hakuweza kukiri ule wa kwanza. Mzee Hamisi alimtania hadharani, akasema kijiji kina shamba la ujamaa na sasa kina tumbo la ujamaa pia, linashibia nyumba mbili. Tulijifunza kuuponda mlenda na karanga, kuuchemsha zaidi, kuupiga zaidi. Siwadanganyi, mwezi wa kwanza ulikuwa kama kutafuna mkeka. Mwezi wa tatu hatukukumbuka tena kwamba kuna kinachokosekana.

Na Salome akakaa. Miguu yake ikawa miguu. Akatoka na jembe reli ilipogongwa, kwanza kukaa kivulini tu, baadaye kupalilia. Jioni tulikwenda wote kwenye kisomo, na siku tulipoweza kusoma maandishi chini ya ile picha ya mwanamke wa kofia tukakuta ni tangazo la sabuni. Alicheka hadi nikaogopa. Alivimba mara moja zaidi mwaka ule, baada ya kikohozi, vifundo tu vya miguu. Mtu mwingine angesema tungoje kesho. Mama mkwe ndiye aliyekwenda kuigonga reli kwa mkono wake, uso mkavu, hata Balozi mwenyewe hajafunga msuli. Lakini machela haikufungwa. Elia alikuja na baiskeli ya mjomba wake, akafunga gunia lenye majani kwenye kiti cha nyuma, akauliza, "Salome, umejishika?" Nami nikaona safari hiyo Salome amejishika kiunoni mwa Elia, si kwenye chuma cha baiskeli. Walirudi baada ya siku chache tu. Mavuno ya mwaka uliofuata watu wa Elia walikuja na ng'ombe, na wale wanawake wa kisimani walipika sherehe nzima, tukala, tukasahau.

Hayo ndiyo Salome aliyomsimulia Rehema, ameketi ukingoni mwa kitanda chake, fimbo imelala sakafuni, huku anamenya karanga kwenye mapaja. Elia alikwisha kutangulia, lakini alimtaja kana kwamba yuko nje anafunga baiskeli. Sikumkatiza ila pale alipoongeza chumvi yake. Rehema alisikiliza, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Hakuuliza habari ya magadi. Aliuliza, "Bibi, ulikuwa unajisikiaje wakisema tena?" Salome alimaliza karanga iliyokuwa mkononi. "Nilikuwa natamani kufa kwa adabu, mjukuu wangu, ili nisiwasumbue. Halafu ningekuwa nimekufa, na wao wangesahau baada ya arobaini, wakaenda zao shambani. Aibu ni ya bure sana." Rehema akalia kidogo, akala karanga, akameza vidonge vya jioni mbele yetu.

Nimeridhika na mwaka ule, nawaambia kweli. Tulikuwa na njaa wakati mwingine, nyumba zilivuja, na mume wangu alikuwa mbali. Lakini niliona watu wakichoka na bado wakainama kubeba. Na ninyi mna magari, mna simu, mna madaktari ambao hata hawajawahi kuona machela, mnashindwa na neno moja.

Ndipo nikawaita wote ukumbini, Stefano, Petro, wake zenu, hata waliokuwa wanaosha vyombo, Salome ameketi kulia kwangu, nikawaambia hivi: "Kuanzia leo Rehema akisema ana baridi, akisema ametapika, akisema hata kwamba hajisikii tu, hakuna kumwuliza mara ya ngapi. Aliye karibu na funguo za gari anawasha, aliye karibu na mkoba wa dawa anaubeba, maswali mtaulizana njiani. Daktari akiwarudisha kwamba si kitu, mtashukuru, mtakula, mtalala. Na akiingia mlango huu kutoka hospitali, iwe mara ya mia, atakuta maji ya kuoga ya moto na sahani yake kutoka chungu kile kile tunachokula sisi. Neno 'tena' liacheni nje na viatu. Stefano, simama ukawashe moto, mtoto hajala."